Samaki wa Mama Shabani

Hadija alinipigia simu jana asubuhi, nikiwa nachambua mchicha. Alisema neno moja tu, "Mwalimu," nami nikajua mama yake ametutoka. Niliuacha mchicha kwenye sinia, nikajitanda mtandio, nikashuka Biryogo kwa miguu. Siku hizi mtaa ule umepakwa rangi hadi chini, magari hayapiti, vijana wanakaa katikati ya njia na chai zao na sahani za viazi, wanapigana picha. Niliwapita nimenuna. Hawakunikosea kitu, ila walikuwa wanacheka, na mimi jana nilitaka mtaa mzima usimame. Kwenye kona ya mafundi cherehani, mzee mmoja aliyenijua kwa sura akaniuliza, "Unaenda msibani kwa Mama Hadija?" Nikamwambia naenda kwa Mama Shabani. Akasema kwa upole kwamba ndiye huyo huyo. "Kama ndiye huyo huyo, basi mwite jina lake," nikamjibu, nikaendelea na njia yangu. Najua nilikuwa mkali. Nina mvi kichwa kizima sasa, sina tena mwajiri wa kunifukuza, na habari ya jina lile ninayo moyoni tangu mwaka wangu wa kwanza Kigali.

Mwaka huo mwajiri nilikuwa naye, na wa kunifukuza alikuwepo. Nilikuwa msichana wa Tanga niliyemaliza chuo Dar es Salaam, nimekuja kufundisha bayolojia katika sekondari ya binafsi upande wa Nyamirambo, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kibali changu cha kukaa kilifuata ajira: ukinitoa shuleni, umenitoa nchini. Darasani nilifundisha kwa Kiingereza, nikafafanua kwa Kiswahili, na wanafunzi wakamalizana wenyewe kwa Kinyarwanda. Chumba nilipanga kwa Mama Shabani, chumba cha uani, mlango wake ukitazamana na jiko la mkaa. Kilikuwa na kitanda, meza iliyoyumba, dirisha moja, na dari ya mbao ambayo ubao wake mmoja, juu ya kitanda, ulikuwa mpya kuliko wenzake. Siku ya kwanza mwenye nyumba alinipima kwa macho kutoka kandambili hadi ushungi. "Mwarimu wa nini?" Wa viumbe, nikasema. "Viumbe wote?" Wote, mama. "Basi utaniambia huyu paka wa jirani iko na akili gani, maana mimi imenishinda." Kuanzia hapo nilikula kwake. Asubuhi chai ya tangawizi na chapati iliyokunjwa kwenye karatasi, jioni maharage, ndizi, isombe, majani ya muhogo aliyoyatwanga mwenyewe, na siku alizokuwa na furaha, indagara, wale dagaa wakavu aliowachambua uani kwenye sinia kubwa, mmoja mmoja, akiwakata vichwa kwa ukucha wa kidole gumba na kupiga soga na yeyote aliyepita.

Jina lake lilinitatiza. Nyumbani pale nilimwona Hadija tu, binti wa rika langu, mshonaji. Shabani sikumwona, nikadhani yuko Goma au Bujumbura kwenye biashara zake kama vijana wengi wa pale, na mimi si mtu wa kuchokonoa mambo ya watu. Majirani wengine walimwita Mama Hadija, na akiitwa hivyo alikuwa hageuki. Mchana mmoja, nikisahihisha kazi za wanafunzi mlango ukiwa wazi, nilimsikia jirani akimwambia kwa sauti ya chini, "Dada, sisi tunakuhurumia tu. Kila tukisema lile jina tunakuumiza." Nikasikia sinia likitua chini kwa kishindo. "Munajihurumia nyinyi," alisema Mama Shabani. "Mimi muniite jina yangu." Jirani akaaga haraka, akaacha hata kikombe chake hakijaisha.

Chini ya kitanda changu palikuwa na sanduku la mawe. Hadija alipolikuta siku anafagia alisema, "Astaghafiru, mwalimu! Watu wanakuja Kigali na sufuria, wewe umekuja na mawe?" Nusu yake nilikuwa nimeyaokota Gitega, mtaa wa hapo hapo Kigali, kwenye yadi moja ya kukatia mawe ya sakafu. Mabamba yale yalikuja kutoka ng'ambo, yamesuguliwa hadi yanang'aa, na ndani yake mlikuwa na wanyama: makombe ya konokono wa baharini yaliyojiviringa, vijiti vyembamba ambavyo zamani vilikuwa nyumba za viumbe jamaa wa ngisi. Mafundi wa pale waliona matundu. Wallahi nilisimama nikawatazama wakichukua simenti nyeupe na mwiko mdogo, wakiziba kila kiumbe kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu mkubwa, kisha wakisugua tena ili mteja asione kasoro. Nilipowaambia kwamba hao ni wanyama wa bahari ya zamani, walinicheka kwa adabu, wakaniambia mwenye nyumba kule Kibagabaga hakulipia konokono. Wakaniachia vipande vilivyovunjika. Nilivibeba kwenye kikapu, nimefura kwa hasira, nikijisemea bahari nzima ilikuwepo pale, ikaganda, ikainuliwa hadi ikawa mlima, ikachongwa, ikapanda meli, ikafika salama, halafu mwisho wa safari mtu anaiziba na simenti!

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote hakikutoka Gitega. Kilikuwa kipande cha jiwe la kijivu, bapa, saizi ya kiganja, nilichopewa na mwalimu wangu wa chuo. Kilitoka Singida, mahali ambapo leo ni vichaka na mbuzi. Ndani yake alilala samaki mdogo, mzima, uti wa mgongo umenyooka, miiba myembamba pande zote mbili, hata mahali pa jicho panaonekana. Zamani sana, zaidi ya miaka milioni arobaini, pale palikuwa na ziwa ndani ya kreta ya volkano. Samaki alikufa, akazama hadi kwenye tope laini lisilo na hewa, ambako hakuna wa kumla wala wa kumtawanya. Tope likamfunika, likamfunika tena, likawa jiwe, na mifupa yake ikawa jiwe pamoja nalo. Nilimfunga kwenye kipande cha kanga, nikamlaza juu ya mawe mengine.

Somo la visukuku lilikuwa kwenye mtaala, ukurasa mmoja mkavu ambao walimu walikuwa wakiwaandikisha wanafunzi maana yake, wakaikariri, wakapita. Mimi nilimpeleka samaki darasani. Nilimzungusha kutoka dawati hadi dawati, na darasa lile lenye kelele kuliko yote shuleni likatulia. Kijana mmoja aliuliza kama Singida kweli kulikuwa na ziwa. Mwingine akauliza tunajuaje nani alitangulia, nikawaeleza juu ya tabaka: la chini lilitandazwa kwanza, na kadiri unavyoshuka unakutana na viumbe msiofanana nao, mpaka unafika mahali hakuna mnyama mwenye mfupa kabisa. Wakauliza walikwenda wapi wale ambao hawapo tena. Wengine walikwisha, nikasema, wengine walizaa waliobadilika kidogo kidogo, na sisi sote humu ndani tunatokana na waliofanikiwa kuzaa. Msichana mmoja, Claudine, alimshika samaki muda mrefu kuliko wenzake, akauliza ni kitu gani hasa alichoshika. "Mifupa," nikamwambia, nimevimba kwa fahari. "Mifupa halisi, imetoka ardhini. Na mingine ninayo nyumbani, chini ya kitanda."

Sikujua nimesema nini. Ningesema maneno yale Tanga, watu wangecheka. Kigali, mtu akichimba msingi wa nyumba au shimo la choo akakuta mfupa, anaweka jembe chini na kuita majirani, maana kuna watu bado wanawatafuta ndugu zao tangu mwaka ule ambao hapa hakuna anayehitaji kuutaja. Anayekaa na mifupa chumbani na kunyamaza, huyo amemnyima mtu maiti wake. Claudine alisema nyumbani alichosikia, nyumbani wakasema mtaani, na kabla jua halijatua habari ilikuwa imenitangulia Biryogo: mwalimu Mtanzania anaficha mifupa iliyotoka ardhini, iko chini ya kitanda, kwa Mama Shabani.

Nilikuta jiko limezimwa. Mama Shabani alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba changu, mikono imeshikana tumboni, na Hadija nyuma yake ana macho mekundu. "Mwarimu," alisema, na sauti yake sikuitambua. "Iko mifupa ndani ya nyumba yangu?" Nikasema ipo, mama, ni ya masomo. "Nionyeshe." Nilitoa kifurushi kwenye mkoba, nikataka kukifungua, akakinyakua. Alikaa kitandani kwangu, akafungua pindo moja, la pili, mpaka jiwe likabaki wazi mapajani mwake. Alilitazama. Akapitisha kidole juu ya uti wa mgongo, taratibu. "Ni samaki," akasema. Nikasema ndiyo, mama, samaki wa zamani sana. Aliendelea kumtazama, kisha akasema, si kwangu wala kwa Hadija, "Hata samaki amepatikana." Akaniwekea jiwe mkononi, akatoka, akaenda kuwasha jiko.

Hadija ndiye aliyeniambia, amekaa mahali palepale palipokuwa bado na joto la mama yake. Shabani alikuwa kaka yake. Mwaka ule walificha watu, familia ya jirani iliyokuwa ikiwindwa, juu ya dari ya chumba hiki, na ubao ule mpya ndipo walipopandia. Watu wa darini waliishiwa maji. Shabani alitoka na dumu kwenda kuteka, na hakurudi, wala dumu halikurudi. Wale wa darini walipona, wako hai, wanakuja Idi. Tangu hapo, kila panapochimbwa na kukutwa kitu, mama yao huenda. Hutazama nguo, mikanda, meno. Akirudi, nyumbani hawamsemeshi hadi kesho yake. "Leo alidhani wewe umemleta," Hadija akasema. Nililia, sioni aibu kusema. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, kwa sababu jiwe langu lilikuwa halina kosa, na yeye alikuwa hana kosa, na bado tulikuwa tumeumizana.

Kesho yake mkuu wa shule aliniita. Wote tulimwita Direkta. Alikuwa mtu safi, mpole, mwenye tai hata siku za joto, na si adui katika kisa hiki. Aliniambia wazazi wamempigia simu, na kwamba Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya usafi ya mtaa mzima, jambo litaletwa kwenye mkutano wa mtaa. "Utasimama, useme ni pambo. Umelinunua sokoni, la plastiki, la simenti, vyovyote. Jiwe utanipa mimi. Hiyo sura ya kitabu waandike maana, basi." Nikamwambia si pambo. "Mwalimu, wewe ni mgeni. Hujui mfupa unasema nini hapa." Nikasema ni kweli, sikujua, jana nimejua, na ndiyo maana hasa siwezi kusimama mbele ya watu hawa niite mfupa plastiki. Akavua miwani, akaisugua. "Basi Jumatatu usije," alisema, na hakusema kwa ukali, jambo lililonitisha zaidi. Nilirudi nyumbani nikaanza kukunja nguo. Katikati ya kukunja nikazitupa kitandani. Thubutu! Wanifukuze, lakini wanifukuze nikiwa nimesema kweli.

Jumamosi ile tulizibua mtaro. Mtaa mzima ulikuwepo, wenye majembe na wenye makoleo, maduka yamefungwa, na mimi nilichota tope pamoja nao bila kusemeshwa na mtu. Kazi ilipokwisha tukakusanyika kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba moja, wengine wamekalia makoleo yao. Mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa mtaa, alisema ya usafi, akasema ya bima ya afya, kisha akauliza nani ana neno. Bwana mmoja mwenye kofia alisimama. "Tumesikia iko mifupa hapa kwetu na hatukuambiwa," akasema. "Sisi tuna watu wetu bado. Mwarimu atuambie." Alikuwa na haki ya kuuliza, hata leo nasema alikuwa na haki. Direkta alikuwa amesimama nyuma, amekuja kwa ajili yangu, na alinitikisia kichwa kidogo, kama anayeniomba.

Nikasimama, miguu ina tope hadi magotini. Nikasema mifupa ipo. Nikasema ni ya samaki aliyeishi kabla ya mlima huu tuliosimama juu yake kuwa na sura hii, kabla ya mtu yeyote kuitwa mtu. Nikasema nimeambiwa niseme ni pambo la sokoni na sitasema, kwa sababu hapa kwenu nimejifunza kwamba kitu kikitoka ardhini hakisemewi uongo. Minong'ono ikapanda. Mwenye kofia akauliza, si kwa ubaya, "Na tutajuaje ni samaki? Nani amemwona?"

"Mimi," akasema Mama Shabani.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alisimama polepole, akajifuta mikono kwenye kanga. "Munanijua," akasema. "Wakichimba kule juu, naenda. Wakichimba bondeni, naenda. Nani hapa hajaniona naenda? Ile kitu nilishika na hii mikono. Ni samaki. Ingekuwa mutu, munafikiri mimi ningekaa hapa kwenye ndoo?" Akawapitishia macho wote. "Na musimulazimishe mwarimu aseme ni kitu ya kuchezea. Kitu ikishapatikana, iitwe jina yake." Akakaa. Mwenye kofia alivua kofia yake, akasema, "Pole, Mama Shabani," na ilikuwa mara ya kwanza kwangu kumsikia mwanamume wa mtaa ule akimwita hivyo mbele za watu. Mkutano ukafungwa. Jumatatu nilikwenda shuleni na mkoba wangu, nikasubiri kufukuzwa. Direkta alinipita kwenye korido, akasimama, akaniuliza, "Kipindi cha kwanza uko na darasa gani?" Nikamtajia. Alikuja, akakaa dawati la nyuma na tai yake, na samaki alipomfikia alimshika kwa mikono miwili.

Bado kulikuwa na swali moja, na lilikuja siku nyingine kabisa, tukichambua indagara uani. Nilikuwa nimezoea kumsaidia. Alishika dagaa mmoja kati ya vidole, akamgeuza kwenye mwanga. "Mwarimu. Katika lile ziwa lenu, samaki walikuwa wengi?" Wengi sana, nikasema. "Na wote walikuwa jiwe?" Hapa nilitamani kudanganya. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya umati kwamba sitasema uongo, na yeye alikuwa amenitolea ushahidi. Nikamwambia hapana, mama. Karibu wote walioishi duniani hawakuacha kitu. Waliliwa, wakaoza, maji yakawatawanya. Kugeuka jiwe ni bahati ya mmoja kati ya wasiohesabika. Vidole vyake vilisimama. Nikasema upesi, "Lakini walikuwepo. Huyu mmoja ndiye shahidi wao. Alizaliwa na samaki, akala vidogo kuliko yeye, akakimbia wakubwa. Ukimwona yeye, huwezi tena kusema ziwa lilikuwa tupu." Akamkata yule dagaa kichwa, akamtupa kwenye sinia. "Kwa hiyo asiyepatikana si kwamba hakuwepo," akasema. Nikasema ndivyo, mama. "Na wenye kusema tusimutaje tena, hao hawajasoma." Hawajasoma, mama. Akacheka, kicheko kikavu kilichogeuka kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko, nami nikashika mkono wake wenye magamba ya dagaa, na tulikaa hivyo hadi Hadija aliporudi kutoka kazini akatuuliza tuna nini.

Nilikaa Kigali zaidi ya mkataba ule, kama mnavyoona, na nimefundisha somo lile hadi nilipostaafu. Nimewahi kuambiwa na watu wengine, kwa sababu nyingine, niruke ukurasa ule. Sikuruka hata mara moja. Nilipohama chumba kile nilimwachia Mama Shabani samaki wake. Kila muhula nilikuwa naenda kumwazima, naye aliniuliza, "Utamurudisha lini?" kana kwamba nachukua mjukuu.

Jana nilimkuta samaki yule palepale alipokuwa akimweka, dirishani, hana vumbi. Uani kulijaa. Wanawake tulikaa kwenye mikeka upande wa jiko, wanaume wamesimama karibu na mlango, jeneza limefunikwa, limeelekezwa nje. Watu wa darini walikuwepo pia, wazee sasa, na watoto wao. Bwana aliyepangwa kusema maneno ya mwisho kabla marehemu hajabebwa, kijana wa ukoo kutoka mbali, alisafisha koo. "Ndugu zangu, tunamsindikiza mama yetu mpendwa, Mama Hadija..."

"Mama Shabani," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na mwanamke hasemi wakati ule, najua. Vichwa viligeuka. Kijana yule alinitazama, akamtazama Hadija, akitegemea msaada. Hadija aliinua uso wake uliovimba. "Mama Shabani," akasema. Kutoka mlangoni, yule mzee wa kona ya cherehani akalisema pia, halafu mmoja wa watu wa darini, halafu mwingine. Kijana akaanza upya kutoka mwanzo.